Alama za Upande Mmoja

Kabla sijafungua mdomo, apa. Apa kwa uhai wa mama yako kwamba haya hayatoki nje ya jiko hili. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, mimi na watembeaji wenzangu arobaini, ndani ya kanisa, kwamba tutasema mwenyekiti wetu Lubbert anaumwa tu na yaishe. Eti tusichafue jina la kijiji. Na jina langu je, lioshwe na nani? Leo kiapo nakivunja.

Miaka ishirini na mbili nimetunza alama za njia yetu ile ndefu inayokata nyika na misonobari. Mstari mweupe juu, mwekundu chini, kila penye kona. Mgeni anayetembea siku nne na begi mgongoni haulizi mtu njia. Anauliza rangi yangu.

Basi Oktoba ile mdogo wangu Roelfien alitoka peke yake mchana, akafuata alama, asirudi. Walimkuta asubuhi kinamasini, yu hai, tope hadi kiunoni.

Anatabasamu.

Tangu hapo hakusema neno. Alilala macho wazi, miguu baridi kama samaki. Na watu, midomo haina kufuli: "Bi Hille kazeeka, kapaka alama hadi kinamasini. Kamponza nduguye." Nilisikia dukani, nilisikia kanisani. Damu ilinichemka.

Lubbert, mwenyekiti wa chama chetu cha watembeaji, alinijia na keki ya tangawizi.

"Dada Hille, nipe kopo na brashi. Macho yamechoka hayo."

"Macho haya yanaona makombo kwenye ndevu zako," nikamwambia. "Toka."

Akatoka. Keki niliila, sikatai. Lakini alisema Jumamosi, kabla ya matembezi makubwa, chama kitaninyang'anya brashi hadharani.

Ijumaa jioni nikapanda baiskeli, kopo langu kwenye kikapu, nikaikague njia mwenyewe. Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari. Ukungu umefika magotini.

Kwenye kilima cha makaburi ya kale, pale njia inapopinda kushoto kuelekea zizi la kondoo, alama yangu haikuwepo. Imekwanguliwa kwa kisu. Kulia kulikuwa na nyingine, mbichi, imenyooka kuliko zangu. Hilo nalo lilinikera.

Nikaegemeza baiskeli, nikaifuata.

Mti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu... Harufu ya rangi mbichi, na chini yake harufu nyingine, kama sanduku la mashuka lililofungwa likiwa na maji ndani. Kwenye mti wa tano nikageuka nitazame nilikotoka.

Magome matupu.

Sasa sikiliza. Yeyote aliyewahi kushika brashi ile anajua kwamba mti hupakwa pande mbili, upande wa anayekwenda na upande wa anayerudi. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Miti hii ilikuwa na alama za kwenda tu.

Aliyeipaka hakutaka mtu arudi.

Nusura nirudi kwenye baiskeli. Kisha nikamkumbuka Roelfien, hasira ikanishika shingoni. Nikarudi hadi mti wa kwanza, nikafungua kopo. Kila mti niliopita niliupaka mgongoni, mmoja baada ya mwingine, hadi kumi na saba. Tope lilikuwa limeanza kunyonya viatu.

Ndipo nikasikia...

Swaa... swaa...

Brashi juu ya gome. Mbele yangu. Na mtu simwoni.

"Hille..." Sauti ya kike, laini. "Umekaribia kufika."

Niliijua. Zwaantje! Mke wa Lubbert, aliyemezwa na ukungu miaka sita nyuma, ikapatikana kofia tu. Bibi zetu walituambia kuhusu mizimu ya wanawake weupe wanaokaa ndani ya vilima vile. Hawaui, walisema. Wanabadilishana. Wakipewa mmoja, wanamwachia mmoja.

Alikuwa amesimama juu ya maji, wala hazami. Akaninyooshea mkono.

"Umekonda, Zwaantje," nikasema. Ungesema nini wewe?

Kisha nikakimbia, na miaka yangu sabini na nne, nikifuata rangi yangu mwenyewe mti kwa mti, hadi baiskeli.

Sikumwambia mtu. Wangesema kizee kinaweweseka.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado mzito. Lubbert alituma habari kwamba goti linamuuma, tumtangulie, tuondoke saa tatu. Goti lile sikuliamini; nikasema tunaondoka saa mbili.

"Tutafika kweli kwa macho hayo, Bi Hille?" Huyo ni Harm mfuga nyuki. Watu wakacheka.

"Wewe fuata matako yangu na ufunge mdomo, Harm."

Niliwapeleka kilimani, nikawapindisha kulia. Nikawaambia wanyamaze, wageuke nyuma kila mti. Mti wa kwanza, mgongo umekwanguliwa. Wa pili, umekwanguliwa, maganda mabichi yako chini. Hakuna aliyecheka tena.

Kwenye mti wa tisa tulimkuta.

Lubbert. Mguu mzima kabisa, amechuchumaa, kisu mkono wa kushoto anafuta alama zangu za kurudi. Mkono wa kulia ameshika brashi.

"Lubbert," nikasema.

Aligeuka polepole. Akawaona wote arobaini.

"Nilipaka mitano tu," akanong'ona. "Naapa, mitano. Ile mingine... sijui nani anaipaka."

"Na mdogo wangu?" Sauti yangu sikuitambua. "Mdogo wangu, Lubbert!"

Akanitazama kwa chuki, mtu mzima analia, kana kwamba mkosaji ni mimi.

"Roelfien angetosha!" akapiga kelele. "Alikuwa anatosha! Zwaantje alishafika mlangoni kwetu, nimemwona kwa macho yangu! Nyinyi mkaenda mkamtoa!"

Harm akapita mbele yangu, akamkamata kifundo cha mkono, akauinua juu watu wote wauone. Brashi bado iko kiganjani, na rangi nyekundu mbichi inamtiririka hadi kwenye kiwiko.