Kofia ya Mtoto wa Mama Mdogo

Kila siku Nasma akitoka shule, ratiba yake ilikuwa ile ile. Alivua sare, akala ugali aliowekewa, akachota madumu mawili ya maji, kisha akatandika mkeka barazani na kukimwaga kiroba chake. Hapo ndipo nyumba nzima ilipopumua, maana Nasma akishika sindano hasikiki tena mpaka magharibi.

Humo kirobani mlikuwa na mambo! Kitambaa cha meza kilichofumwa robo. Foronya yenye ua moja na nusu. Mkoba usio na mikono. Blanketi la viraka, ambalo alilipania litoshe kitanda cha baba na mama, lilikuwa na viraka kumi na kimoja tu vilivyoungwa. Vingine chungu nzima vilisubiri zamu yao tangu mwezi wa Ramadhani. Mikono ya mtoto huyu ilikuwa na kipaji, hilo hakuna aliyelikataa. Teodosia, jirani aliyemfundisha kufuma, alisema hajawahi kumwona mtoto wa darasa la sita mwenye vitanzi vilivyolingana vile. Tatizo ni kwamba Nasma alipenda kuanza. Akipata uzi mpya, siku ya kwanza hata kula anasahau. Siku ya nne kazi imemchosha, anaisukumia chini ya kiroba na kuchomoa nyingine.

"Kiroba hiki kingekuwa tumbo la mtu, kingeshavimbiwa," mama yake, Fatu, alimtania.

Nasma alicheka, akaanza kitu kingine.

Mwezi wa Oktoba, mama mdogo wake aitwaye Hajra alikuja kijijini kwao Mandawa kuwasalimu kutoka Nachingwea, alikoolewa. Alikuwa mjamzito wa miezi mitano, na tumbo hilo alilibeba kwa hofu. Mtoto wake wa kwanza alifariki siku aliyozaliwa, na tangu hapo Hajra hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Katika ukoo wao nguo za mtoto hazionyeshwi kabla mwenyewe hajaja duniani. Hazianikwi wala hazitajwi mbele za watu, kwa kuamini kwamba kufanya hivyo ni kumwitia mtoto mabaya. Wengine siku hizi hawajali. Hajra, kwa yaliyompata, alijali mara mbili.

Alimvuta Nasma nyuma ya jiko, akampa madonge matatu ya uzi wa manjano.

"Mwanangu, nifumie kofia, soksi na sweta," alinong'ona. "Usimwonyeshe mtu. Hata mimi usinionyeshe. Nikikuuliza, we nijibu tu kama tayari au bado."

"Sawa, mama mdogo."

Nasma aliianza kofia jioni ile ile. Akaifikisha mahali pa kuanza kufunga utosi, kazi ya kupunguza vitanzi kimoja kimoja kwa kuhesabu, akachoka. Akaanza soksi. Soksi ya kwanza ilikamilika, ya pili hakuigusa. Akafuma mgongo wa sweta. Halafu rafiki yake Mwanaima akaja na mtindo mpya wa vitambaa vya makochi alioukuta kwenye simu ya dada yake, na uzi wa manjano ukaenda chini ya kiroba kuungana na wenzake.

Novemba Hajra alipiga simu. Baada ya salamu aliuliza kwa sauti ya chini, "Ile kazi yangu vipi?"

Nasma aliona aibu kusema bado, wakati wiki sita zimepita. Na nani angekagua? Kwa desturi yao hakuna hata mmoja ambaye angesema hebu tuone. "Tayari, mama mdogo," alijibu. "Vyote."

"Jamani! Allah akubariki." Nasma alisikia kwamba Hajra anacheka. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila kumsikia akicheka.

Wiki iliyofuata, Teodosia, ambaye naye alikuwa amefuma seti nzima ya kichanga, alimpigia Hajra kumwambia atampelekea mtoto akishazaliwa. Yeye hakuwa na mwiko huo. Hajra alimshukuru sana. "Usijisumbue, dada Teodosia. Mimi nimeshapata kila kitu. Mpe mwingine mwenye shida." Basi Teodosia akampa binti mmoja wa kijiji cha Nambilanje. Nasma alikuwepo barazani Teodosia alipomsimulia mama yake maneno hayo. Alijiapiza kuikamata kofia kesho yake. Kesho yake ilifika, ikapita.

Shule zilifungwa Desemba mvua zikianza. Alhamisi asubuhi simu ya mama ililia. Alikuwa Ramadhan, mume wa Hajra.

"Shemeji, Hajra amejifungua usiku. Mtoto wa kike."

"Usiku wa leo? Si ana miezi saba tu!"

"Ndiyo hivyo. Ni mdogo sana, shemeji. Kilo moja na robo. Wako hospitalini. Hajra anasema mje, na Nasma aje na ule mzigo wake. Amesisitiza mzigo."

Nasma alisikia kila neno. Aliingia chumbani, akakipindua kiroba, akaitafuta manjano katikati ya rangi zote. Mgongo wa sweta. Soksi moja. Kofia iliyo wazi juu. Angeweza kumwambia mama yake pale pale. Hakuweza. Alivitia kwenye mfuko mweusi, akaufunga fundo.

Walipanda pikipiki hadi Ruangwa, kisha basi la Nachingwea. Ndani ya basi Nasma aliitoa kofia ajaribu kuimalizia, mama akiwa amesinzia. Barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua. Kila gari liliporuka, vitanzi vilichomoka kwenye sindano. Alifuma mzunguko mmoja, akapoteza miwili. Walipoikaribia Nachingwea, kofia ilikuwa fupi kuliko ilivyotoka nyumbani. Aliirudisha mfukoni. Alitamani basi liharibike, lisifike kabisa.

Hajra alikaa kitandani, mtoto amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, khanga zimezungushwa juu. Kilichoonekana ni kichwa tu, hakizidi chungwa, kimeviringishwa kipande cha kitenge kilicholegea. Uso wa Hajra ulikuwa umesawajika. Alipoona mfuko, ulichangamka.

"Nesi, vimefika," alimwambia muuguzi, dada wa makamo aitwaye Mwamina. "Nilikuambia mtoto wa dada yangu kafuma."

Nesi Mwamina aliufungua mfuko. Akatoa soksi, akatafuta ya pili. Akatoa mgongo wa sweta. Akatoa kofia, akapitisha mkono chini, vidole vikatokea juu. Fatu alishika mdomo. Hajra aliitazama ile kofia, kisha akamgeukia Nasma.

"Ulisema tayari."

Nasma alitazama sakafu. Heri angegombezwa, heri angechapwa mbele ya wodi nzima. Hajra aligeuza uso ukutani na machozi yakamtiririka bila sauti.

Nesi Mwamina alimtoa Nasma hadi ukumbini. Hakuwa mkali, lakini hakubembeleza. "Sikiliza. Mtoto njiti hana mafuta mwilini. Joto linampotea, na kichwani ndiko linakopotea zaidi. Kitenge kinateleza kila mama akijigeuza, na mvua hii inaleta baridi. Asubuhi joto lake limeshuka mara mbili. Kofia zetu chache wamevaa wenzake. Unaweza kuimaliza leo?"

"Naweza. Na soksi nita..."

"Soksi nimekuuliza? Kofia. Kofia moja."

Nasma alikaa kwenye mkeka wa mama yake, kwenye kibanda wanakosubiri ndugu wa wagonjwa. Hapo ndipo alipogundua balaa lingine: kofia aliifuma kwa kukadiria kichwa cha mtoto wa kawaida. Kichwa cha yule kingezama hadi mabegani. Hakuna cha kumalizia. Aliuvuta uzi, akafumua kazi yote ya Oktoba, mzunguko kwa mzunguko, mpaka akabaki na rundo la uzi uliojikunja. Akaanza upya. Ikatoka pana. Akafumua. Ikatoka nyembamba, ngumu mfano wa kifuniko cha chupa. Akafumua. Ile mikono iliyosifiwa na kijiji ilipoteza hesabu.

"Mama, siwezi," alilia. "Mtoto atakufa kwa sababu yangu."

Fatu alikuwa amekasirika tangu wodini na hasira ilikuwa bado ipo. Hata hivyo alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Kufa na kupona si kwako. Kwako ni hiyo kofia. Hesabu vitanzi, mimi nakusikiliza."

Basi Nasma alihesabu kwa sauti. Kila alipofika mahali pa kuchosha, ambapo siku zote mkono ulichomoa kazi nyingine, hapakuwa na kazi nyingine. Alasiri ikapita, mvua ikakatika, ikarudi. Kabla ya magharibi alikata uzi. Kofia ilipinda upande mmoja. Nesi Mwamina aliipokea, akaenda nayo ndani, akarudi mikono mitupu.

"Imemkaa," alisema.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Usiku joto lilishikilia, lakini siku ya tatu uzito ulipungua. Nesi alieleza kwamba vichanga hupungua kidogo mwanzoni, Hajra hakutulia kwa maneno hayo. Kwenye kitanda cha jirani mtoto mmoja alifariki, na mama yake akatoka amekumbatia khanga tupu. Ramadhan aliacha hata kuuliza habari. Akifika, alisoma uso wa mkewe na kukaa chini. Siku ya saba hawakumpa mtoto jina. Hajra alisema hana nguvu ya kulia jina jingine. Na Nasma, aliyelala nyumbani kwa Ramadhan na kuja kila siku na chupa ya uji, hakusemeshwa na mama mdogo wake zaidi ya "weka hapo".

Siku ya kumi na nne Nesi Mwamina alimtoa mtoto kwenye mizani, akamrudisha, akasoma tena. "Ameongezeka gramu thelathini," alisema. Hajra alimtaka asome mara ya tatu. Kesho yake akaongeza ishirini na tano. Keshokutwa, thelathini tena.

Ndipo Hajra alipomwita Nasma akae ukingoni mwa kitanda.

"Unajua kilichoniumiza?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya uchovu, hasira ilishaisha. "Siyo kwamba hukumaliza. Wewe ni mtoto, na mimi nilikupa kazi ya mtu mzima, tena kwa siri. Ungeniambia bado, ningemkubalia Teodosia. Ungeniambia bado hata asubuhi ile Ramadhan alipopiga simu, angezunguka sokoni hapa akatafuta. Neno lako la tayari ndilo lililonifunga mikono. Nilikaa hapa nimetulia, namwambia nesi vinakuja, na mwanangu anapoa."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimeshakusamehe. Ila nisikilize na usisahau. Kazi isiyokwisha inasubiri, haina neno. Ukidanganya kwamba imekwisha, mwenzako anaiegemea, na siku akiiegemea anaanguka. Anza kimoja, kimalize. Ukishindwa kukimaliza, sema."

Nasma aliitikia kwa kichwa.

Hajra aliivua ile kofia taratibu, akafunika kichwa cha mtoto kwa kiganja chake. Kofia ilikuwa imelowa maziwa yaliyocheuliwa. "Hii inataka kufuliwa, na hana ya kubadilisha. Uzi wa sweta upo. Utanipa ya pili lini?"

Jibu lililomjia Nasma mdomoni lilikuwa kesho. Alilimeza. Alipima uzi kwa macho, akahesabu mizunguko, akahesabu na uji wa kupeleka, na maji ya kuchota, na kwamba mikono yake huenda ikakosea.

"Leo Ijumaa," alisema. "Kesho sitaweza, mama mdogo. Wala keshokutwa. Jumatatu."

"Jumatatu," Hajra alikubali.

Jumatatu saa nne asubuhi Nasma aliingia wodini na kofia ya pili. Hii haikupinda. Hajra aliigeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye utosi na kukuta umefungwa. Akamvisha mwanawe, akamwekea Nasma nafasi kitandani.

"Sogea umwone vizuri," alisema. "Jina lake Asmaa."