Pwani Tupu

"Rudia," fundi mitambo alisema kwenye spika. "Umesema tupo."

Msomaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alisoma taarifa ya habari redioni mpaka akaota mvi, na hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha irabu.

"Imeandikwa tupu. 'Kabla ya mji, hapa palikuwa pwani tupu.'"

"Ilivyoandikwa naijua, dada. Mimi nakwambia nilichosikia."

Fundi akaicheza rekodi. Sauti ilikuwa ya msomaji, nzito, yenye subira, ile iliyokuwa ikiwatuliza watu siku za mapinduzi: *Kabla ya mji, hapa palikuwa pwani.* Kisha pumzi, ambayo yeye hakuivuta. Kisha, taratibu: *Tupo.*

Walirudia mpaka fundi akachoka. "Nitaikatakata kwa mashine. Nenda kanywe maji, koo limeanza kukukauka."

Kazi yenyewe ilikuwa ya makumbusho ya jiji: historia ya mji mkuu, isomwe vizuri, wageni waisikilize masikioni wakipita kwenye vyumba. Ilikuwa imetungwa na kamati, na ilijionyesha. Kila mtawala alileta maendeleo. Kila kilichobomolewa kilibomolewa ili kupendezesha. Haikusemwa kwamba wote, waliokuja kwa meli na waliowafukuza waliokuja kwa meli, walianza kwa kubadilisha majina ya barabara, kisha wakamwaga kifusi baharini ili wapate viwanja vya kugawiana na marafiki. Nusu ya mji ilikuwa imekaa juu ya maji, na kamati ilisema hapakuwa na kitu.

Msomaji aliishi katika nusu hiyo, ghorofa ya juu, nyumba ya vyumba viwili. Mumewe alikuwa amehamishwa kikazi, kisha moyo wake nao ukaomba uhamisho. Dada yake alikuwa ng'ambo. Na mji mkuu ni mahali pa watu wa kwingine. Ikifika sikukuu kila mtu anarudi kwao, na barabara zinabaki na paka na wale wasio na kwao.

Kila jioni, kabla ya kufunga geti, mlinzi alisimama chini ya ngazi akaita juu, "Mpo, mama?"

"Tupo!" alijibu, kama kila mtu. Ni adabu tu. Mtu akiulizwa mpo, hasemi nipo. Kusema nipo ni kama kufungua vifungo vya nguo mbele za watu.

Jioni ile alipojibu, jikoni kiti kilivutwa.

Alienda akatazama. Viti vilikuwa viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea mkoba. Mkoba ulikuwa sakafuni, umewekwa kwa heshima. Kiti kilikuwa na unyevu, na jikoni kulinuka mwani ulioanikwa juani.

"Bomba limepasuka," alijiambia, maana alikuwa amesoma.

Lakini bomba haliachi chumvi iliyokauka ndani ya kikombe, wala halikai mkabala na mtu anapokula, likipumua pole pole kama msikilizaji mzuri. Na siku zilivyokwenda alizoea kusikia, mchana kweupe, jua likiwa limejaa dirishani na majirani wote wakiwa kazini, maji yakipanda chini ya vigae na kushuka, yakipanda na kushuka, na katikati ya maji hayo sauti yake mwenyewe, mbichi, isiyo na kikohozi, ikijisomea ile historia tangu mwanzo na kuitengeneza, hapa hapakuwa patupu, hapa tulikuwa tumelala, hapa mlitumwagia mawe usoni, huku sauti iliyobaki kooni mwake ikizidi kukwaruza, asubuhi kwa asubuhi, mpaka akawa hawezi kumaliza ukurasa.

"Dada," fundi alinong'ona siku hiyo, mkono wake ukiwa juu ya kipaza sauti kana kwamba kingesikia. "Sasa mashine inarekodi hata ukifunga mdomo. Kamati wakijua watakutoa kazini. Mimi nina shangazi."

"Wa majini?"

"Wa saluni. Majini ni kazi ya ziada."

Msomaji alitarajia vitambaa vyekundu na moshi. Alimkuta mama mnene, kitana mdomoni, akimsuka mteja aliyesinzia. Alipenda hivyo. Alieleza yote kwa kunong'ona. Sauti nyingine hakuwa nayo.

"Ukiulizwa mpo, unajibuje?" shangazi alisema bila kugeuka.

"Tupo."

"Na wewe na nani?"

Msomaji alitazama mkoba wake mapajani.

"Wenye maji yale wamo katika kila nyumba ya kule, mwanangu. Hawasumbui mtu. Hawajahesabiwa toka walipofukiwa, basi wanakaa kimya chini. Wewe umewahesabu kila jioni, kwa sauti ile ya redio. Wa kwako atakataaje kuja?" Alitoa kitana mdomoni. "Anayekuuliza mpo, mwambie nipo, peke yangu. Kila siku. Ukirudia tupo, sauti atabaki nayo, na hairudi tena."

"Neno hilo tu?"

"Hilo tu. Limewashinda wengi."

Jioni ile mlinzi aliita. Msomaji alishika ukingo wa ngazi. "Nipo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Peke yangu."

"Aa, pole, mama," mlinzi alisema, na hiyo pole ndiyo iliyomuuma.

Dawa ilifanya kazi. Harufu ilikwisha, kiti kilikauka, na kabla wiki haijaisha alisoma ukurasa mzima bila kukohoa. *Pwani tupu*, mashine ilisema, safi kabisa. Fundi alipiga makofi nyuma ya kioo.

Akarudi nyumbani. Akala. Kijiko kiligonga sahani, na hakuna aliyesikiliza. Aliuweka mkoba kwenye kiti cha pili, akautazama, akauondoa. Akaweka sikio kwenye vigae. Vilikuwa baridi, vimenyamaza. Kwa mara ya kwanza alijua nyumba ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

"Mpo, mama?" mlinzi aliita kutoka chini, kwa mazoea.

*Nipo* ilikuwa tayari ulimini. Msomaji alisimama mlangoni, akaitafuna, akaimeza. Akaufungua mdomo kusema lile neno jingine, na kooni hapakutoka kitu, hata pumzi.

"Tupo!" sauti yake ilijibu kutoka jikoni, nzito, yenye subira, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa.

"Haya, lala salama!" mlinzi alisema, na kufuli likalia getini.

Jikoni kiti kilivutwa. Kisha kikavutwa cha pili, kile cha kukalia yeye, kikamngoja.