Moto wa Kijani Nyumbani kwa Fuseina

Kila alfajiri mjini Tamale, baada ya sala, Fuseina alichemsha maua makavu ya rosela. Alitia tangawizi na sukari, akaacha kinywaji kipoe, kisha akakifunga katika vifuko na kukigandisha. Watu wa huko hukiita sobolo. Friza yake ilikuwa ya mtumba, kuukuu, lakini ndiyo iliyoilisha nyumba yake.

Ramadhani ilikuwa imekaribia, na msikiti wa mtaani ulikuwa umemwagiza sobolo ya futari. Barafu nayo ilikuwa nene ndani ya friza, hata kifuniko hakikufungika.

"Mma, nizime umeme nisubiri iyeyuke?" alimwuliza mamamkwe wake, Azara.

"Ukisubiri, mwanangu, utawafuturisha watu mwezi wa Shawwali," akasema bibi. "Sogeza jiko la makaa. Kisu kile pale. Barafu haibembelezwi."

Fuseina akasogeza jiko, akaanza kuchokoa. Mara pakasikika mlio kama wa nyoka aliyekanyagwa. Hakuona kitu. Punde si punde, juu ya makaa ikatoka harufu ya kuchoma koo. Azara akakohoa hata machozi yakamtoka.

Jirani yao Yidana, fundi wa majokofu, alisikia kikohozi akaingia.

"Dada, zima umeme. Toa jiko nje, fungua madirisha. Mma, twende uani ukapate hewa."

Kikohozi kilipotulia, Fuseina akauliza, "Kaka Yidana, ni kitu gani hiki kisichoonekana?"

"Ni gesi ya friza. Ni kaboni iliyoshikana na klorini na florini. Haiwaki wala haiozi. Ndani ya bomba huwa kama maji, kisha huchemka bila moto. Ikichemka hunyonya joto la sobolo yako."

"Huchemka palipo na baridi?"

"Huchemka hata katika baridi inayogandisha maji. Lakini ikipita juu ya makaa mekundu, vifungo vyake hukatika. Hapo hutoka asidi na hewa ya sumu. Ndiyo iliyomkaba Mma."

"Subhanallah," akasema Fuseina taratibu.

Nyumba ilipokwisha kupigwa na upepo, Yidana akaleta taa ndogo ya kutafutia gesi inayovuja, yenye kibati cha shaba na mpira wa kuvuta hewa. Ulimi wa moto ulikuwa wa buluu. Akapitisha mpira kandokando ya bomba. Ulipofika penye jeraha la kisu, moto ukageuka kijani, kama mpunga mchanga.

"Klorini imegusa shaba ya moto, imejitaja," akasema fundi.

Azara alisimama mlangoni asipepese macho. "Miaka yote tumeishi na kitu hiki, nacho kimenyamaza. Na ile iliyotoka imekwenda wapi?"

"Juu, Mma. Kwa kuwa haiozi, hupanda miaka na miaka, mpaka mionzi mikali ya jua iing'oe klorini yake. Chembe moja ya klorini huharibu maelfu ya chembe za ozoni. Ozoni ndiyo pazia linalotukinga na mionzi inayounguza ngozi na macho."

Bibi akainua uso. "Kumbe kisu cha jikoni kwetu kimefika mbinguni."

Fuseina hakucheka. "Friza itapona kabla ya mfungo?"

"Itapona, inshallah."

Yidana akaikusanya gesi iliyobaki katika mtungi, asiiache ipotee. Akaziba tundu, akabadili mafuta ya mashine, akajaza gesi isiyo na klorini. "Hii pia msiiachie," akaonya. "Haili ozoni, lakini huzidisha joto la dunia."

Tangu hapo, barafu ikizidi, Fuseina huzima umeme, huweka bakuli la maji ya moto ndani, hutandika matambara, na kungoja. Kisu hukaa kwa Azara, naye hakitoi.

Jioni ya mfungo wa kwanza, adhana ya Magharibi ililia. Azara alifungua kwa tende pale msikitini, kisha akapokea kifuko cha sobolo iliyoganda. Mwanamke aliyeketi kando yake akaanza kukifyonza cha kwake kwa pupa.

"Taratibu, dada," Azara akamnong'oneza. "Ili baridi hii ikufikie, kuna kitu kimechemka bila moto."

Kisha akasema bismillahi, akafyonza chake.