Rudi Nyuma, Mpenzi

Mvua ya Kitale ilishuka mchana wa siku ya soko bila kumwonya mtu, ikawasukuma watu wote wa mtaa ule chini ya baraza la duka moja la mbegu. Akina mama walibana vikapu vya nyanya katikati ya miguu. Wenye bodaboda walikamua makoti yao. Mzee mmoja alimpisha mama mwenye mtoto mgongoni asimame penye ukuta, yeye mwenyewe akabaki akinyeshewa bega.

Mlangoni alisimama Muigai, muuzaji wa duka hilo, kijana mrefu mwenye aproni ya kijani. Bega lake la kushoto lilikuwa limeinama kidogo kwa kubeba magunia ya mbolea. Hakuna aliyekuwa ananunua kitu, basi alikuwa na simu mkononi akicheza ule mchezo wa vijana, watano wakipigana na watano, kila upande ukilinda ngome yake. Yeye alikuwa mpiga mishale.

"Sapoti yuko wapi?" akafoka. "Nakufa hapa! Huyu sapoti wetu yuko wapi?"

"Sapoti yuko nyuma yako," sauti ikamjibu.

Muigai aligeuka. Aliona msichana mwenye gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kola yake imekaa sawasawa shingoni, mfuko wa zipu na vifungo ukining'inia kwenye kiwiko. Macho yake yalikuwa kwenye simu yake, na kwenye simu hiyo kulikuwa na vita vilevile, mto uleule, na mpiga mishale yuleyule.

"Wewe ndiye Dawa Baridi?" Muigai akauliza.

"Na wewe ndiye Mshale. Angalia mbele, unapigwa."

Muigai hakuangalia mbele. Alipigwa, akafa, na msichana akacheka hadi akaufunika mdomo kwa mfuko wa vifungo.

Walikuwa wamecheza pamoja kwa wiki kadhaa katika kikosi cha Ngige, kinyozi wa hapohapo Kitale aliyekusanya wachezaji kwa simu. Hawakuwa wameonana kamwe. Msichana aliitwa Nekesa, fundi wa nguo kutoka Bungoma, na siku hiyo alikuwa amekuja kutafuta vifungo.

"Nilidhani Dawa Baridi ni mwanamume," Muigai alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Unavumilia sana."

"Basi hujui wanawake," Nekesa akasema, na mvua ilipokatika hakuondoka haraka.

Kazi ya sapoti katika mchezo ule haina sifa. Mpiga mishale ndiye anayeua, ndiye anayetajwa. Sapoti hutembea nyuma yake, humtibu akijeruhiwa, huweka taa ndogo vichakani ili adui asimvizie, na pengine hujitupa mbele ili afe yeye. Tena ana alama moja ya kubonyeza, inayolia ting kwenye simu ya mwenzake na kuandika neno moja: Rudi. Nekesa aliibonyeza alama hiyo kuliko sapoti yeyote.

"Unanipigia kengele kama mbuzi," Muigai alimtania kwenye simu, walipokuwa tayari watu wa kupigiana kila jioni.

"Mbuzi husikia. Wewe je?"

"Mimi nasikia, daktari wangu. Napenda tu kukusikia tena."

Mapenzi yao yalikua hivyo, kati ya Kitale na Bungoma. Muigai alikwenda Bungoma mara kwa mara, wakala mahindi ya kuchoma karibu na reli. Nekesa alimpima mabega kwa utepe wake wa kazi akisema ni mzaha tu. Lakini maneno mazito hawakuyasema uso kwa uso, wala kwenye simu. Waliandikiana mchezoni, kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, Muigai akiwa amekufa na akisubiri kufufuka. Huko hakuna anayeona mwenzake anavyoona haya. Huko ndiko Muigai aliandika mara ya kwanza, "Nakupenda, bana." Nekesa alijibu, "Fufuka kwanza."

Sasa sikiliza kosa lilipoingia.

Jioni moja Muigai alikuwa na hasira. Mathenge, mwenye duka, alikuwa amemgombeza mbele ya wateja kwa gunia lililopasuka, na Muigai aliingia mchezoni akitaka kumpiga mtu. Alikimbia mbele peke yake. Ting, Rudi. Ting, ting, Rudi. Alipouawa mara ya tatu, na Ngige akimtukana, alibonyeza jina la Dawa Baridi na kulizima. "Nyamaza kidogo tu, mpenzi," alisema peke yake. Alidhani mchezo ukiisha, kuzima nako kutaisha.

Hakukuisha. Katika mchezo ule, uliyemzima hubaki amezimwa hadi umfungue kwa mkono wako. Husikii mlio wake, husomi maandishi yake, na yeye haambiwi. Asubuhi Muigai aliamka hasira imeisha, na jambo lenyewe limemtoka kichwani.

Jioni iliyofuata Nekesa aliandika kwenye kidirisha. Aliandika akafuta, akaandika tena, mguu wake umetulia juu ya kanyagio la cherehani: "Mama anataka kumwona mtu anayenifanya nicheke na simu. Njoo Jumapili. Lakini uje ukijua umekuja kufanya nini."

Alama ndogo ilionyesha kwamba ujumbe umefika. Muigai alifufuka, akapiga mishale yake, akaaga wenzake kwa kidole gumba, akatoka. Hakuandika kitu.

"Anafikiria," Nekesa alijiambia. "Neno kama hili lazima mtu alifikirie."

Wiki nzima alisubiri, na kila simu ilipolia aliacha kushona. Muigai alizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Nekesa hakuthubutu kumuuliza mwanamume mara ya pili swali la namna ile. Usiku alishona shati jeupe lenye mistari ya buluu, bega la kushoto akalikata chini kidogo ya la kulia.

Jumapili mama yake alimshika jogoo mwenyewe. Alipika polepole, akamwekea mgeni firigisi kwenye bakuli dogo, akaifunika kwa sahani. Kwao firigisi haiguswi ovyo. Ni ya mgeni wa heshima, na nyumba ile, tangu baba afe, haikuwa na mtu wa kuila. Nekesa alivaa gauni la buluu, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo alisimama. Kila ilipopita aliketi.

Jioni mama alitoka, akaketi kando yake.

"Njia ya Kitale ni ndefu," akasema.

"Si ndefu hivyo, mama."

Mama aliinuka, akaingia ndani. Alimletea paja la kuku na ugali, akakaa naye hadi alipokula. Firigisi ilibaki palepale, imefunikwa.

Na Muigai? Jumapili hiyo alilala kitandani kwao Kitale, simu kifuani, akiwaza. Kwa siku nyingi Nekesa hakuwa amempigia Rudi hata mara moja. Alimtibu, ndiyo, alimfuata nyuma kama kawaida, lakini kimya, kama mtu anayemaliza kazi aliyochoka nayo. Kengele ile aliyoilalamikia sasa ilimkosesha usingizi kwa kutolia. "Amepata mwingine," alijiambia.

Jumatatu alimpigia.

"Sasa, daktari."

"Poa."

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani tu. Nililala."

Cherehani iliyokuwa ikisikika upande wa pili ikasimama.

"Ulilala," Nekesa akasema.

"Eeh. Mbona unauliza hivyo? Si wewe ndiye umeninyamazia siku hizi? Hata mchezoni unanitazama nikiingia vichakani, husemi kitu."

"Mimi? Ati mimi ndiye nimenyamaza?"

"Ungekuwa unajali ungesema."

"Muigai, nimesema mpaka nimeona aibu. Usinichezee." Akakata.

Muigai aliitazama simu. Alijua hakusikia neno. Basi Nekesa anadanganya, akawaza, na mtu huanza kudanganya akiwa ameshaondoka.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mchezo ule katika ukumbi wa kanisa moja Kitale. Vikosi vilitoka Sirisia, vikatoka Moi's Bridge. Nekesa alikuja kwa sababu alikuwa amempa Ngige ahadi, na kikosi cha watu wanne hakiruhusiwi. Alivaa suruali nyeusi na sweta la kijivu, bila hereni. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na lile shati. Alikuwa amemwambia mama, "Nampa nguo yake, halafu jambo hili limekwisha. Shati lenyewe halimtoshi mtu mwingine."

Ngige, kofia nyekundu kichwani, aliwapanga kwenye benchi moja. "Mshale na sapoti wakae pamoja. Wasee, leo tulieni, bana. Niaje, mbona mnakaa kama mko matangani?"

Muigai na Nekesa walikaa bega kwa bega, wakitazama mbele.

Mchezo ulianza. Mwanzoni walishinda, kwa kuwa vidole vyao vilikuwa bado vinajuana. Kisha Muigai aliona adui mmoja amejeruhiwa karibu na mto. Alimfuata. Kichaka kilikuwa na giza. Pembeni ya jicho lake akaona kitu kinachoruka: kidole gumba cha Nekesa. Kilibonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza tena, kwa nguvu, kucha imekuwa nyeupe.

Muigai aligeuza uso, akatazama kioo cha simu ya Nekesa. Juu yake lilikuwa limeandikwa Rudi, Rudi, Rudi. Akatazama chake. Hakikuwa na neno, wala hakikulia.

"Unabonyeza nini?" akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Kile ninachobonyeza kila siku," Nekesa akasema bila kumtazama. "Rudi, Muigai. Nimekuita mpaka kidole kinauma."

Ile jioni ya gunia lililopasuka ilimrudia Muigai yote. Katikati ya vita, maadui watatu wakitoka kichakani, aliacha kupiga, akaanza kutafuta lile jina.

"Mshale, piga!" Ngige alipaza sauti. "Buda, unafanya nini? Piga!"

Dawa Baridi alijitupa mbele yake. Alimkinga, akamtibu, akamkinga tena hadi akafa. Hapo hapo Muigai akalipata jina, akalifungua, na Nekesa, ambaye hata akiwa maiti alikuwa bado anabonyeza, akasikika.

Ting. Rudi.

Muigai alifunga macho. Alikuwa amesahau jinsi sauti ile ilivyo ndogo.

Ngome yao ilianguka muda mfupi baadaye. Ngige alivua kofia akaitupa sakafuni, akatoka nje bila kumsalimu mtu.

Muigai na Nekesa waliongea barazani, watu wakipita.

"Kwa hivyo ulinizima," Nekesa alisema.

"Nilikuzima. Nilikuwa na hasira, nikasahau. Halafu nikakulaumu kwamba umenyamaza."

"Ningejua umenikataa, ningelia yaishe. Kuzimwa ni kubaya zaidi. Nilikuwa naongea na ukuta, Muigai, na ukuta wenyewe nautibu kila jioni."

Muigai alikalia ngazi, mikono magotini.

"Uliandika nini? Nimeangalia, maandishi yako hayapo. Hayarudi."

"Hayarudi."

"Niambie tena."

"Mimi nilishasema." Nekesa alitoa shati mfukoni, akamwekea mapajani. "Hili ni lako. Lilikuwa la Jumapili ile. Mama alichinja jogoo. Alikuwekea firigisi, ikakaa mpaka jioni. Hakuna aliyeila."

Muigai aliinua shati. Aliliona bega la kushoto lilivyoshushwa, bega ambalo hata mama yake mzazi hakuwahi kulitaja. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe namba ya mama."

"Ya nini?"

"Nipe, tafadhali."

Simu iliita mara nyingi. Nekesa aliuma ukucha.

"Halo?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Muigai, wa Kitale. Mimi ndiye sikuja."

Kuku walisikika upande ule.

"Wewe ndiye wa firigisi?"

"Ndiye mimi, mama. Nekesa aliniita, mimi ndiye niliyejiziba masikio. Yeye hana kosa. Naomba kuja kesho."

"Unakuja kula?"

Muigai alimtazama Nekesa.

"Nakuja kumposa Nekesa, mama. Kama yeye mwenyewe atakubali. Bado sijamuuliza, nimeogopa."

Upande ule mlango ulifungwa, kelele za kuku zikapotea.

"Mpe simu," mama akasema hatimaye.

Nekesa aliipokea kwa mikono miwili. Muigai hakusikia alichoulizwa. Aliona tu macho ya Nekesa yakimpima, kutoka viatu hadi lile bega lililoinama, kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Anauliza achinje au asichinje," Nekesa akamwambia. "Anasema hatachinja mara mbili bure."

"Nawe unasemaje?"

Nekesa alilichukua shati mapajani mwa Muigai, akalikunja vizuri lisipate vumbi, akarudisha simu sikioni.

"Chinja, mama," akasema.