Rangi ya Ndevu za Babu

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimpaka babu yake hina ndevuni. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kupenda kupiga soga. Alichekecha unga wa hina, akaukoroga kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, kisha akaufunika utulie. Babu, fundi cherehani, alikaa kibarazani akisubiri. Hina ililainisha ndevu zake na kuzipa mvi zake wekundu wa kupendeza.

"Nipake vizuri, bibi fundi," alitania. "Wateja wasije wakadhani nimezeeka."

"Wameshajua kitambo, babu!"

Jumamosi moja, wazazi wa mchumba wa dada yake Chiriku walitarajiwa kuja jioni. Dada huyo alikuwa msusi, na wiki nzima alikuwa akinung'unika kwamba ndevu za babu zilikuwa na rangi ya kutu. Chiriku alitoka kuchukua taulo, na aliporudi akamkuta dada anakoroga bakuli la hina.

"Nakusaidia tu, mdogo wangu," dada alisema akitabasamu.

Chiriku alifurahi, kwa maana dada hakuwa na kawaida ya kumsaidia. Aliona hina imekuwa nyeusi na inanuka vikali, lakini hakumtilia dada shaka, akaanza kumpaka babu.

"Mbona leo inawasha?" babu aliuliza.

"Vumilia kidogo, babu. Ni hina ileile."

Kabla ya chakula cha mchana, uso wa babu ulikuwa umevimba, macho hayafunguki. Mama alimkimbiza zahanati pamoja na mabinti zake.

"Mmempaka nini?" muuguzi aliuliza.

Mama akamgeukia Chiriku. "Si wewe uliyempaka? Umetia nini humo?"

"Hina na mafuta tu, mama."

"Usinidanganye!"

Chiriku akamtazama dada, akingoja aseme neno. Dada akajitazama kucha.

"Mimi nilikuwa chumbani," alisema. "Huyu naye, kila kitu kwake mchezo."

Chiriku alimkodolea macho. Yule aliyemwita "mdogo wangu" asubuhi ile sasa alikuwa anamtosa mbele ya macho yake. Alitaka kujitetea, lakini machozi yakamtoka.

Babu akaanza kuhema kwa shida. Muuguzi akamchoma sindano haraka, huku akisema, "Lazima nijue alichopakwa. Anayejua aseme sasa hivi!"

Dada akamgeukia muuguzi. "Ni mimi. Nilitia rangi nyeusi ya saluni. Nilitaka apendeze mbele ya wageni."

"Rangi hizo huwadhuru watu wengine vibaya," muuguzi alisema. "Hupimwa kwanza kwenye ngozi, tena kwa ruhusa ya mwenyewe."

Wageni waliombwa kuja siku nyingine, na jioni uvimbe ulikuwa umepungua. Mama alimkumbatia Chiriku akamwomba radhi kwa kumhukumu bila kumsikiliza. Dada naye akapiga magoti kando ya kitanda cha babu.

"Usianze na mimi," babu alisema kwa sauti hafifu. "Mwombe mdogo wako. Mimi umeniumiza ngozi tu, nitapona. Yeye alikuamini, ukamtwisha kosa lako ukakaa kimya."

Dada akamgeukia Chiriku. "Nisamehe."

"Nimekusikia, dada," Chiriku alijibu, lakini hakumpa mkono.

"Mpe muda," babu akamwambia dada. "Ukikosea, sema mwenyewe, tena mapema, kabla mwenzako hajalipia. Ukichelewa, kuaminiwa tena ni kazi, na kazi hiyo ni yako."