Mchumba Wangu Alikwangua Kaburi la Babu

"Hakuna harusi hapa! Wewe na Delmar ni damu moja!"

Jamani... Dona Irani, mama mkwe wangu mtarajiwa, aliyasema hayo mbele ya wageni, keki ya ndizi ikiwa bado mdomoni mwangu. Harusi yenyewe wiki ijayo!

Delmar, mchumba wangu, akanisukumia simu. Picha ya kaburi.

Lilikuwa la babu wa babu yangu, aliyekuja Brazili kutoka Ujerumani. Enzi za vita, Kijerumani kilipopigwa marufuku huku, wazee waliyapaka chokaa maandishi yake. Delmar alikwenda kulisafisha kwa Siku ya Marehemu, akaikwangua chokaa. Pakasomeka: Brockhoff.

Sisi ni kina Broco. Kina Delmar ni Brockhoff. Kumbe jina letu lilikatwa tu baada ya kuvuka bahari!

"Marlise, tumekwisha," Delmar akasema. "Sisi ni ndugu."

Nililia, wapendwa, mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nikamburuta shangazi Herta hadi makaburini. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Chini ya Brockhoff kulikuwa na mstari mwingine, ambao kwenye picha haukuwepo!

"Alizaliwa Lütke." Yaani jina lake la kuzaliwa halikuwa Brockhoff!

Shangazi akacheka hadi akashika kiuno.

"We mtoto! Kule kwao Ujerumani, ukihamia shamba unaitwa kwa jina la shamba. Kina Brockhoff walipokuja Brazili, babu yetu Lütke akalichukua shamba lao, na jina juu! Baadaye naye akaja huku. Undugu unatoka wapi?"

Nilikimbia kama kichaa! Nikamkuta Delmar barazani kwao.

"Mpenzi, sisi si ndugu! Kuna mstari mwingine chini!"

Hakuinuka. Hata kutabasamu hakutabasamu.

"Delmar, umenisikia?"

"Niliuona."

"Lini?"

"Siku ileile niliyokwangua." Akainamisha kichwa. "Niliukata kwenye picha. Sikujua nikwambieje kuwa sitaki tena kuoa."



Dona Irani alikuwa mlangoni, kasikia yote.

"Mshenzi wewe! Umenifanya nimdhalilishe mtoto wa watu bure!"

Nikawapa mgongo, nikaondoka.

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Wangu aliona heri amsingizie marehemu!

Dada yangu, mwanaume akikuletea sababu ya kuachana, usiipokee kwa picha. Nenda kaione nzima, ndipo ulie.