Asali Niliyomtumia Mama

Nina miaka thelathini na minne. Shule niliachia darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Asubuhi moja nilitoka nyumbani Mgori na begi mgongoni, bila mpango wowote. Nilikuwa namkimbia mama yangu mzazi!

Jana yake tulikuwa na kikao. Mama ana kisukari, na miguu ilishaanza kufa ganzi. Muuguzi mstaafu wa kijijini alikubali kuja mara mbili kwa wiki, kwa sharti mtoto mmoja abaki, afundishwe kupima sukari na kukagua nyayo kila siku.

Kaka yangu Elia akanigeukia. "Wewe huna mke, huna shamba. Kaa na mama."

Nikaja juu! "Mama anahitaji mtu wa kupika na kufua tu. Tafuteni binti!"

"Na huyo binti kidonda atakijua, mwanangu?" muuguzi akauliza. Nikamcheka... mama wa watu!

Akaletwa Neema, binti wa kazi. Simlaumu. Alimwogesha mama, akampikia, akamchekesha. Nani alimfundisha zaidi ya hapo?

Mimi nikaangukia Mitundu kwa warina asali. Niliuliza kila kitu kuhusu nyuki. Kuhusu ugonjwa wa mama... hata swali moja! Nikatuma dumu la asali, nikampigia Neema: "Dada, acha sukari kabisa. Muwekee hii kwenye uji. Asali haina madhara, ni dawa."

Akatii, asubuhi na jioni, na sukari ikapanda bila mtu wa kuipima.

Kidonda kilianzia katikati ya vidole vya mguu. Mama hakusikia maumivu, kwa hiyo hakusema. Elia ananipigia simu, mguu umeshakuwa mweusi... Wakaukata chini ya goti.

Nilipofika wodini nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaniambia, "Asali yako ilikuwa tamu, mwanangu."

Afadhali angenitukana!

Wasomaji wenzangu, wa kupika na kufua ni msaada mkubwa, lakini msimbebeshe kazi ya muuguzi. Ulizeni mwili wa mzazi unataka nini, siyo ninyi mnataka kwenda wapi. Mimi nilijiuliza la pili tu, na bado najichukia!

Juzi nimepata vyumba viwili vya kupanga Unyambwa, karibu na zahanati, nikae na mama. Mimi na Neema tutafundishwa pamoja kupima sukari na kukagua nyayo.

Mwenye nyumba aliliangalia begi langu. "Begi moja tu? Utakaa mpaka lini, kijana?"

"Mpaka mama anifukuze," nikamjibu.